Kulijua Neno Enryo: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kijapani wa Hatua ya Kati

Mwanafunzi wa Kijapani anayetoka hatua ya mwanzo na kuingia hatua ya kati hukutana na aina ya maneno ambayo kamusi haiyamalizi. Maneno ya mwanzo, kama vile hon (kitabu), mizu (maji) au taberu (kula), hutaja vitu na vitendo ambavyo kila lugha ina jina lake, na kwa hiyo mstari mmoja wa daftari unatosha kuyahifadhi. Maneno ya hatua ya kati mara nyingi hutaja mwenendo wa mtu mbele ya mtu mwingine, na mwenendo huo hauingii katika mstari mmoja. Miongoni mwa maneno hayo ni enryo, linaloandikwa 遠慮, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa kusita, kujizuia au kuona haya. Aliyekariri tafsiri hizo peke yake hukwama mapema, kwa sababu neno hilohilo hutumiwa kumhimiza mgeni ale ashibe, kumwomba abiria asizungumze kwa simu garini, na kuukataa mwaliko wa mkubwa wa kazi bila kumvunjia heshima. Mwongozo huu umejengwa juu ya rai kwamba enryo lisikaririwe kama neno moja lenye maana nyingi, bali kama sentensi tatu, kila moja ikiwa na msemaji wake na mlengwa wake, na kwamba kila linapojitokeza, msomaji ajiulize kwanza ni nani anayejizuia, na ni nani anayetaka kujizuia huko kuwepo au kuondoka.

Kwa upande wa viwango, neno hili hufundishwa mapema kuliko linavyoeleweka. Mtihani wa kimataifa wa umahiri wa Kijapani, Nihongo Nōryoku Shiken, ambao hufanyika pia Nairobi, una ngazi tano tangu mwaka 2010, kuanzia N5 iliyo ya chini hadi N1 iliyo ya juu, na waandaaji wake hawachapishi tena orodha rasmi ya msamiati. Orodha zinazouzwa madukani ni makadirio ya wachapishaji, na nyingi kati yake huliweka enryo katika N4. Makadirio hayo si mabaya iwapo kinachozungumziwa ni kitenzi chepesi enryo suru, yaani kujizuia, lakini maumbo ambayo Wajapani huyatumia hasa, kama enryo sasete itadakimasu, yanadai sarufi ya heshima ambayo mwanafunzi huishika akielekea N3 au baada ya hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kulitia neno hili alama ya vema katika orodha yake na bado akashindwa kuelewa tangazo la ukutani.

Matamshi yashughulikiwe kabla ya maana. Kijapani hupimwa kwa mapigo, yaani vipande vya sauti vyenye urefu unaokaribia kulingana, ambavyo Wajapani huviita haku, na enryo lina mapigo matatu: e, n, ryo. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa n inayosimama peke yake kama silabi ameizoea katika nchi na nne, na hahitaji kufundishwa kwamba sauti hiyo ina uzito wake. Kinachomponza ni mazoea mengine, yale ya kuikazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwani Kijapani hakikazi silabi bali hupandisha na kushusha sauti, na katika neno hili sauti huanza chini, ikapanda, kisha ikabaki juu bila kushuka, hata kinapofuata kipashio kama ga au o. Pigo la mwisho nalo lisivunjwe kuwa ri na yo, kwa sababu riyo likirefushwa kidogo mwishoni huwa riyō, ambalo ni neno jingine kabisa lenye maana ya matumizi.

Maandishi yana alama mbili za kanji, yaani alama zilizotoka Uchina ambazo kila moja hubeba maana pamoja na sauti. Ya kwanza, 遠, ina maana ya umbali. Watoto wa Japani huisoma darasa la pili, na mwanafunzi huikuta katika kivumishi tōi (mbali), katika ensoku (matembezi ya wanafunzi nje ya shule) na katika bōenkyō (darubini). Ya pili, 慮, yenye mistari 15, haimo katika alama za shule ya msingi, ingawa imo katika alama 2,136 za matumizi ya kawaida zilizoidhinishwa na serikali mwaka 2010. Maana yake ni kufikiri kwa uangalifu, na chini yake kimekaa kijialama cha moyo, 心. Haifai kuikariri alama hii ikiwa pweke, kwa kuwa haitembei peke yake. Ikaririwe pamoja na jamaa zake, yaani kōryo (kuzingatia mambo kabla ya kuamua), hairyo (kuwajali wengine kwa vitendo), shiryo (busara) na furyo, ambalo hutumika kwa ajali isiyotarajiwa na mtu yeyote.

Alama hizo mbili zikisomwa pamoja hutoa maana ya fikra za mbali, na hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya neno katika Kichina cha kale, ambamo limo tayari katika kitabu cha mazungumzo ya Confucius likiwa na maana ya kuona mbele. Si vigumu kufuata njia iliyolitoa huko na kulifikisha lilipo sasa, kwa sababu mtu anayefikiri mbali juu ya matokeo ya kauli yake huishia mara nyingi kuimeza kauli hiyo. Katika zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, neno liliingia hata katika sheria: enryo ilikuwa adhabu nyepesi waliyopewa samurai na makasisi wa Kibudha, ambapo aliyeadhibiwa alifunga lango la nyumba yake na kukatazwa kutoka mchana, ingawa kutoka usiku kwa siri kulivumiliwa. Mwanafunzi hahitaji adhabu hiyo katika mazungumzo yake, ila ni vizuri akaikumbuka, kwa kuwa taswira ya mtu aliyejifungia langoni kwa ajili ya macho ya wengine inaeleza mengi kuhusu neno la leo.

Sentensi ya kwanza kati ya tatu ni ya mwenyeji. Mgeni ameketi, chakula kimeandaliwa, na mwenyeji anasema Dōzo, go-enryo naku. Naku hapa ni umbo la nai, lenye maana ya kutokuwepo, na kwa hiyo maneno hayo yanamwambia mgeni ajisikie huru, asijizuie. Kiambishi go- kilichotangulia ni alama ya heshima, nacho kinaelekezwa kwa mgeni, kwa sababu anayetarajiwa kujizuia ni yeye. Mgeni akikubali hujibu Dewa, enryo naku itadakimasu, yaani basi atapokea bila kujizuia, na msomaji aangalie kwamba katika jibu hilo go- imetoweka, kwa kuwa sasa enryo ni ya msemaji mwenyewe na mtu hajitukuzi. Tofauti hiyo ya silabi moja ndiyo kipimo cha haraka cha mwanafunzi wa hatua ya kati: anayejibu kwa go-enryo naku itadakimasu ataeleweka, ila atakuwa amejivika heshima asiyostahili kujivika.

Wapo wanafunzi wanaolichanganya fungu hilo na jingine linalofanana nalo kwa sura, okamai naku, na kosa hilo linaeleweka, kwani yote mawili huisha kwa naku na yote mawili husemwa mgeni anapofika. Hata hivyo okamai naku ni la mgeni, humwambia mwenyeji asijisumbue kwa chai wala kwa kitu kingine, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atalitambua mara moja akikumbuka namna mgeni anavyosema starehe pale mwenyeji anapoinuka kumpisha kiti. Mwenyeji akisema okamai naku, au mgeni akimwambia mwenyeji go-enryo naku ndani ya nyumba ya mwenyeji huyohuyo, mazungumzo yatakuwa yamepinduka.

Fungu go-enryo naku limehama pia kutoka mezani na kuingia ofisini. Barua ya kampuni kwa mteja huishia mara nyingi na maneno Go-fumei na ten ga gozaimashitara, go-enryo naku o-toiawase kudasai, yaani iwapo kuna jambo lisiloeleweka mteja aulize bila kusita, na mwanafunzi anayetafuta kazi katika kampuni ya Kijapani ataiandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko anavyodhani. Ikikaririwa nzima kama ilivyo huwa mali ya kudumu. Nje ya adabu hizo, enryo naku linapomhusu mtu wa tatu hugeuka kuwa lawama: anayeingia enryo naku katika chumba cha mwenzake ni mtu aliyeingia bila hodi, na nomino buenryo, iliyoundwa kwa kutanguliza alama ya ukosefu, humtaja mtu asiye na staha, kwa mfano anayemkodolea macho asiyemjua. Kinyume chake ni enryobukai, sifa njema ya mtu mwenye staha nyingi, na enryogachi, linalomwelezea mtu mwenye mwelekeo wa kujirudisha nyuma, kama mwanafunzi anayeinua mkono nusu darasani na kusema kwa sauti ndogo.

Mfano bora wa neno hili uko kwenye sahani. Watu watano wameagiza karaage, vipande vya kuku vilivyokaangwa kwa mafuta mengi, na wamekula kwa furaha hadi kikabaki kipande kimoja. Mazungumzo yanaendelea, vinywaji vinaongezwa, vijiti vinaelekea kwenye sahani nyingine, na kipande kile kinapoa bila kuguswa. Kipande hicho kina jina, enryo no katamari, yaani bonge la kujizuia, na jina hilo husikika hasa katika eneo la Kansai, kwenye miji kama Osaka na Kyoto, ambako watu hulitamka kwa mzaha ili kuuvunja ukimya wa sahani. Mgeni anayetaka kukila akitaje kwanza, kwa kusema Kore, moratte mo ii desu ka, kuuliza kama anaweza kukichukua, na karibu kila mara ataambiwa dōzo dōzo kwa faraja ya wote waliokuwepo. Ipo pia methali ya zamani isemayo enryo hidarushi, date samushi, ambayo nusu yake ya kwanza humwonya mwenye kujizuia kwamba atalala njaa, na nusu ya pili humwonya mpenda urembo anayepunguza nguo kwamba atahisi baridi. Wajapani wenyewe, kwa hiyo, hawakuwahi kuichukulia tabia hii kuwa jambo lisilo na gharama.

Sentensi ya pili ni ya tangazo, na ndiyo inayowapotosha wanafunzi kuliko zote. Mlangoni mwa mkahawa pameandikwa O-tabako wa go-enryo kudasai. Mwanafunzi aliyezoea go-enryo naku huliona go-enryo, hukumbuka ukarimu wa mezani, na huenda akadhani kwamba wavutaji wamekaribishwa, ilhali maana ni kinyume kabisa: wanaombwa wajizuie, yaani wasivute. Naku huondoa kujizuia na kudasai hukuomba, na kwa kuwa maneno hayo mawili huja mwishoni, msomaji wa Kijapani hana budi kusoma mpaka mwisho kabla ya kuhukumu. Katika treni hutangazwa kwamba simu iwekwe katika hali ya kimya, ambayo huitwa manā mōdo, kisha hufuata tsūwa wa go-enryo kudasai, yaani mazungumzo ya simu yaachwe. Katika majumba ya makumbusho hukutwa satsuei wa go-enryo kudasai, linalohusu kupiga picha.

Kisarufi, go- pamoja na nomino na kudasai hufanya ombi la heshima kwa mtendaji ambaye ni mteja au mgeni, sawa na go-chūi kudasai, tafadhali awe mwangalifu. Jambo linalozuiwa hufuatwa na wa, kipashio kinachotaja mada, ingawa katika sentensi ndefu linaweza kufuatwa na o, kipashio cha mtendwa. Vipashio hivi wanasarufi wa Kijapani huviita joshi, na ni bora kadi ya msamiati iandikwe pamoja navyo kuliko bila. Kosa linalopaswa kukwepwa ni go-enryo shite kudasai. Umbo go- likiambatana na suru huwa la kujishusha, yaani humhusu msemaji anayejiweka chini ya msikilizaji, na kulitumia kwa kitendo cha mteja ni kumshusha mteja huyo. Ama iwe go-enryo kudasai, ama iwe enryo shite kudasai bila go-, na hili la pili ni la watu walio sawa. Ngazi za juu zaidi ni go-enryo negaimasu na go-enryo itadaite orimasu, ambazo husikika hotelini na katika kumbi za maonyesho.

Ombi hili ni la heshima kwa umbo, lakini kwa nguvu ni katazo, na anayedhani kwamba amepewa hiari atasahihishwa na mhudumu. Linatofautiana na kinshi, neno la marufuku ya wazi linaloonekana katika tachi-iri kinshi (marufuku kuingia), kwa kuwa kinshi huwekwa zaidi palipo na hatari au sheria, na go-enryo huwekwa zaidi palipo na adabu na watu wa kuwajali. Mipaka hiyo hailindwi kwa ukali, na mkahawa mmoja unaweza kuyabandika yote mawili mlangoni. Lililo muhimu zaidi kwa mwanafunzi ni kwamba sentensi hii ni ya mwenye mahali. Mtu wa kawaida akimwambia mkubwa wake enryo shite kudasai anakuwa amemwambia, bila kukusudia, kwamba hana staha. Anayesumbuliwa na moshi wa mzee aliyeketi kando yake husema Sumimasen, tabako wa chotto, akaiacha sentensi ikining'inia hapo, na mzee humalizia mwenyewe akilini.

Sentensi ya tatu ni ya anayekataa. Baada ya karamu ya kazini, wenzake wanamwita mtu waende mahali pa pili, kwenye kile kinachoitwa nijikai, naye anajibu Kyō wa enryo shite okimasu. Neno kwa neno anasema kwamba leo anajizuia kwa sasa, na kwa maana anasema hapana. Umbo -te okimasu hulainisha kukataa kwa kukufanya kuwe uamuzi wa leo tu, ilhali enryo shimasu likiwa peke yake linaweza kusikika la baridi, hasa likitamkwa haraka. Mbele ya mkubwa hutumika Sekkaku desu ga, konkai wa enryo sasete itadakimasu, ambapo sekkaku hukiri kwamba mwaliko ulitolewa kwa juhudi na nia njema, konkai wa huwekea mpaka wa safari hii, na sasete itadakimasu huonyesha kwamba msemaji anapokea ruhusa ya kujizuia.

Kuhusu sasete itadaku upo mwongozo rasmi wa lugha ya heshima, Keigo no Shishin, uliotolewa mwaka 2007 na baraza la utamaduni la Japani, unaoeleza kwamba umbo hilo hufaa pale msemaji anapotenda kwa ruhusa ya mwingine na anaponufaika na ruhusa hiyo, au anapojihisi kuwa katika hali hiyo. Siku hizi hutumiwa ovyo, na Wajapani wengi hulalamika. Lakini katika kukataa mwaliko liko mahali pake hasa, kwa kuwa aliyealika ndiye mwenye haki ya kumwachia aliyealikwa. Mwanafunzi asipunguze neno ili kuonekana mwepesi wa lugha.

Hatari iko upande wa kusikiliza. Anayefasiri enryo kwa kusita atasikia enryo sasete itadakimasu na kudhani kwamba mwenzake anasitasita tu na anahitaji kubembelezwa, kumbe mlango umekwisha kufungwa. Ishara ya kweli ya kusita kwa adabu ni nyingine: mtu anaposema sonna, warui desu yo, yaani itakuwa vibaya kumsumbua mwenzake, bila kutaja neno enryo, hapo nafasi ya kumhimiza bado ipo, na mwenyeji ndiye hulitaja neno kwa kusema enryo shinaide, asijizuie. Kanuni inayofaa kushikwa ni kwamba mtu akiitaja enryo yake mwenyewe kwa umbo la kukubali amekataa, na mwenzake akiitaja kwa umbo la kukanusha anamkaribisha. Kwa kukataa kuzito zaidi, kama kuacha kazi aliyokwisha kupewa mtu au kurudisha tuzo, enryo halitoshi, na hutumika jitai, linaloonekana katika barua rasmi likiwa go-jitai mōshiagemasu au jitai itashimasu.

Baada ya sentensi hizo tatu, kinachobaki ni kulitenga neno na majirani zake. Daktari anayemwambia mgonjwa apunguze chumvi husema shio o hikaete kudasai, wala hasemi enryo, kwa sababu chumvi haina mtu wa kuonewa staha. Lakini mgonjwa huyohuyo akipewa sake kwenye karamu anaweza kujibu kwa enryo, kwa kuwa sasa mbele yake kuna mkono wa mtu uliobeba chupa. Tamerau ni kusita kunakotokana na kutokuwa na uhakika, kama mtu anayesimama ukingoni mwa maji akipima kama ataruka. Gaman ni uvumilivu wa maumivu, njaa au hasira, na unawezekana hata mtu akiwa peke yake chumbani, jambo ambalo haliwezekani kwa enryo. Hairyo hutokana na alama ileile ya 慮, ila huenda upande wa kutenda, na ndiyo maana watu hushukuru kwa go-hairyo arigatō gozaimasu, wakati hakuna anayemshukuru mwenzake kwa enryo yake.

Kwa msomaji wa Kiswahili jirani aliye karibu kabisa hayumo katika Kijapani. Ni muhali, katika maana ya kumwonea mtu muhali, hali ya kushindwa kumkatalia jirani kwa kuchelea kumvunja moyo. Hisia ni za ukoo mmoja, lakini mwelekeo wake umepishana: muhali humfanya mtu akubali alilotaka kulikataa, na enryo humfanya akatae, au anyamaze, mbele ya jambo alilolitaka. Anayeona muhali hukopesha fedha aliyoihitaji. Mwenye enryo hurudi nyumbani na kiu baada ya kupewa chai mara mbili. Ulinganisho huu unaliweka neno mahali pake kwa usahihi kuliko haya au aibu, ambayo humfanya mtu ajifikirie mwenyewe, ilhali enryo humfikiria mwenzake na usumbufu utakaompata.

Swali la kujizuia mbele ya nani lilishughulikiwa na daktari wa magonjwa ya akili Doi Takeo katika kitabu chake Amae no Kōzō cha mwaka 1971, kinachohusu amae, tabia inayokaribiana sana na kudeka, yaani kutegemea upendo wa mwingine na kujiachia ndani yake. Kwa maelezo yake, baina ya mzazi na mtoto hakuna enryo, kwa kuwa kudeka kunaruhusiwa. Baina ya marafiki, majirani na wafanyakazi wenza enryo huwepo na huongezeka kadiri ukaribu unavyopungua. Na kwa wageni kabisa, wale mtu asiotarajia kuwaona tena, enryo hutoweka kwa mara ya pili. Maelezo hayo yamejadiliwa na kupingwa na wataalamu waliofuata, lakini kama ramani ya matumizi yanamfaa mwanafunzi, kwa sababu yanaonyesha kwamba enryo huishi zaidi katika ukanda wa kati, yaani ofisini, mtaani na nyumba za marafiki, mahali hasa ambapo mgeni anayeishi Japani hupitisha siku zake. Mwenyeji wa Kijapani anayesema enryo no nai aida, uhusiano usio na enryo, anatoa sifa kubwa, na sifa hiyo husubiriwa na mgeni, haidaiwi.

Mazoezi yafuate mpango huo wa sentensi tatu. Mwanafunzi atayarishe kadi tatu badala ya moja, na upande wa mbele asiandike tafsiri bali hali: mwenyeji amesogeza sahani, mwenye duka hataki mbwa ndani, mkubwa wa kazi amealika watu wakaimbe karaoke. Upande wa nyuma iandikwe sentensi kamili ya Kijapani, pamoja na joshi, pamoja na go- pale inapostahili, na jina la anayesema. Baada ya siku chache azigeuze hali hizo, kwa mfano mwenyeji akawa mgeni, na akague kama go- imehama inavyopasa. Kwa masikio, idhaa ya kimataifa ya NHK, ambayo hutangaza pia kwa Kiswahili, ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili yenye mazungumzo ya nyumbani na dukani. Kwa macho, picha za matangazo ya treni na mikahawa ya Japani ni rahisi kupatikana mtandaoni, na inafaa kila tangazo lisomwe hadi mwisho kwa sauti kabla ya kulifasiri, kisha mwanafunzi aandike kando yake kama limebeba naku au kudasai. Anayejiandaa kwa mtihani wa N3 atakutana na makaratasi ya aina hiyohiyo katika sehemu ya usomaji inayoitwa jōhō kensaku, utafutaji wa taarifa, ambamo mtahiniwa hupewa tangazo la bwawa la kuogelea au la maktaba na kuulizwa nani anaruhusiwa kufanya nini.